Hodi Isiyongoja Karibu

Kila aliyewahi kufanya kazi na kompyuta anaijua saa ile ambayo programu imeshika njia yake na mwenyewe hutaki tena iendelee. Umeiagiza ihesabu jambo dogo, nayo imezama katika hesabu zisizo na mwisho; au umeielekeza kwenye faili lisilo lenyewe, na kila sekunde inayopita inaharibu zaidi. Unataka kitu kimoja tu: iache. Katika mifumo ya Unix, na katika jamaa zake wa leo kama Linux na macOS, njia ya kuiambia iache inaitwa ishara. Ni kitu kidogo mno, namba tupu. Lakini kwa maoni yangu kinastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya au jengo, maana ndani yake mna mawazo ya waliokitunga, mema na mabaya, na sisi tumeishi ndani ya mawazo hayo kwa zaidi ya miaka hamsini.

Sijifanyi mhakiki asiye na upande. Ishara zimenitia aibu mara mbili, na mara zote mbili aibu hiyo ililipiwa na watu wengine.

Mwaka 1997 nilikuwa mtunza mashine katika ofisi moja iliyoshughulika na akiba za wafanyakazi. Tulikuwa na kompyuta moja ya Unix na terminali chache. Programu niliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya C ilikuwa ikipitia hesabu za wanachama kila mwisho wa mwezi, ikijumlisha michango na kuliandika upya faili la salio. Kazi hiyo ilichukua usiku kucha. Asubuhi moja ilikuwa haijaisha, mkubwa wangu alitaka barua zichapwe kabla ya saa nne, na mashine ilikuwa nzito kama iliyobebeshwa mawe. Nikaandika kill, nikaongeza -9, nikataja namba ya mchakato, nikabonyeza kitufe. Programu ikatoweka papo hapo. Barua zikachapwa, na mimi nikajiona fundi.

Faili la salio lilikuwa limeandikwa nusu. Majina ya kuanzia A hadi K yalikuwa na salio jipya, mstari mmoja wa L ulikatikia katikati ya tarakimu, na baada yake hapakuwa na kitu. Nakala ya akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya majuma mawili nyuma. Kwa siku tatu mimi na karani mkuu tulikaa na kadi za karatasi, yeye akisoma tarakimu nami nikiziingiza. Alikuwa mama wa makamo, aliyeanza kazi enzi za taipureta na daftari kubwa la hesabu. Siku ya pili akaniuliza, bila ukali wowote, "Mwanangu, kwani hiyo mashine haiambiwi ikaacha taratibu? Lazima ikatwe kichwa?"

Nikamjibu, "Inaambiwa, Mama. Mimi ndiye sikuiambia."

Hakusema zaidi. Akaendelea kusoma tarakimu, na kila tarakimu ilikuwa fedha ya mtu, wengine wakiwa wamebakiza miezi tu kustaafu. Swali lake limenifuata tangu siku ile. Uhakiki huu ni jaribio la kulijibu vizuri zaidi kuliko nilivyolijibu siku hiyo.

Kwanza tukione kitu chenyewe. Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs, jimbo la New Jersey nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Watumiaji wa siku zile walikaa mbele ya mashine za teletaipu, wengine wakiwa mbali na kompyuta na kuunganishwa nayo kwa simu. Mazingira hayo yameacha alama katika majina ya ishara hadi leo. Namba 1, SIGHUP, ni habari kwamba laini ya simu imekatika: mtu aliyekuwa upande wa pili ameondoka, basi nawe funga kazi. Namba 2, SIGINT, ni ya kukatiza. Ndiyo itumwayo ukibonyeza Ctrl pamoja na C, ingawa katika Toleo la Saba la Unix, la mwaka 1979, kitufe chake kilikuwa DEL. Namba 3, SIGQUIT, huifisha programu na kuimwaga kumbukumbu yake katika faili, ili fundi aje kuichunguza kama daktari achunguzavyo maiti. Namba 15, SIGTERM, ni ombi la kuacha; ndiyo itumwayo na amri ya kill usipotaja namba yoyote. Na namba 9, SIGKILL, siyo ombi.

Msomaji asidhani kwamba akibonyeza Ctrl-C herufi hiyo inaifikia programu. Haifiki. Sehemu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, inayosimamia terminali ndiyo inayoinasa njiani, na badala yake hutuma SIGINT kwa kundi zima la michakato iliyo mbele katika terminali ile. Hapo pana busara kubwa. Programu iliyopotea katika mzunguko wake haisomi kibodi, na kama kuacha kungetegemea usikivu wake, tungengoja mpaka kiama. Kerneli ndiyo inayosikia kwa niaba yake.

Mchakato ukifikiwa na ishara una njia tatu. Unaweza kuacha mambo yaende kwa kawaida yake, na kwa ishara nyingi kawaida hiyo ni kifo. Unaweza kuipuuza. Au unaweza kuwa umeiandalia kipokezi, yaani kipande cha programu kitakachoitwa ishara ikifika, kikafanya la kufanya, kisha kazi ikarejea pale ilipokatizwa. Ishara mbili tu hazina hiari hiyo: SIGKILL, na SIGSTOP inayousimamisha mchakato bila kuuua. Hizo haziwezi kupuuzwa, kuzuiwa wala kupokewa.

Nataka kusifu kabla ya kulaumu, kwa sababu sifa hapa ni ya haki. Wazo la kwamba mwenye programu ana neno la mwisho juu yake, na kwamba hakuna programu, hata ikiandikwa na mjanja wa namna gani, inayoweza kukataa namba 9, ni wazo la kiutu. Mashine imefanywa imtii mtu. Tena kuna ngazi: unaanza na ombi, unakwenda kwenye amri, na nguvu inabaki ya mwisho. Mashine ya Unix inapozimwa hufuata ngazi hiyo hiyo: hutuma SIGTERM kwa michakato yote, hungoja kidogo, kisha hutuma SIGKILL kwa waliobaki. Aidha, karibu na mwaka 1980 Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliongeza jambo jingine la kupendeza, nalo ni Ctrl-Z: programu inasimama tu, haifi, nawe unaweza kuiamsha baadaye kwa amri ya fg ikaendelea kana kwamba haikulala. Kuacha na kufa vikatenganishwa. Mimi asubuhi ile ya 1997 ningeweza kuisimamisha programu yangu kwa saa moja, barua zikachapwa, kisha nikaiamsha. Njia ilikuwapo. Sikuijua.

Kwetu mgeni hasukumi mlango. Husimama nje akapiga hodi, akangoja kuitikiwa karibu. Asipoitikiwa hurudia mara ya pili na ya tatu, na baada ya hapo huondoka. Kwa muda mrefu nilipokuwa nikiwafundisha vijana kazi hii nilikuwa nikiwaambia kwamba SIGTERM ni hodi, na SIGKILL ni kuvunja mlango. Mfano huo uliwasaidia kukumbuka, lakini sasa naona ulikuwa nusu ya kweli, na nusu iliyokosekana ndiyo yenye kosa kubwa la utungaji huu wote.

Hodi hungoja. Ishara haingoji. Kerneli huweka alama tu kwamba mchakato fulani una ishara, na pindi mchakato huo unaporudi kuendelea na kazi yake, kipokezi huitwa hapo hapo, popote ulipokuwa. Huenda ulikuwa katikati ya kuandika mstari, au katikati ya kugawa kumbukumbu, kiungo kimoja cha mnyororo kimefunguliwa na kingine hakijafungwa. Mgeni hayuko mlangoni. Unamsikia akisema hodi naye tayari yuko chumbani, na wewe umeinama, mikono imejaa unga.

Kutokana na hilo yalizaliwa makosa matatu, na nitayataja kwa mpangilio wa uzito wake.

La kwanza lilikuwa dogo na limekwisha tibiwa. Katika Toleo la Saba, kipokezi kikishaitwa mara moja kerneli ilikuwa ikikisahau. Ilimpasa mwandishi wa programu akiandikishe tena, tena ndani ya kipokezi chenyewe. Kati ya kusahauliwa na kuandikishwa upya kulikuwa na upenyo mdogo sana. Ishara ya pili ikiingia katika upenyo ule, programu inakufa, ingawa mwandishi aliiandalia. Mtu mwenye haraka akibonyeza kitufe mara mbili, basi. Berkeley waliliziba pengo hilo katika toleo la 4.2BSD la mwaka 1983, na kiwango cha POSIX cha 1988 kikaleta sigaction, ambayo ndiyo tunayopaswa kuitumia hadi leo. Lakini jina la zamani, signal, halikufutwa. Liliachwa na tabia tofauti katika mifumo tofauti, na vitabu vya zamani vikaendelea kulifundisha. Kurekebisha kosa bila kuondoa mlango wake ni desturi ya Unix, nami siisifu.

La pili linahusu mtu aliyekwisha kuhakiki kabla yangu. Mwaka 1991 ilichapishwa insha ya Richard P. Gabriel, mtaalamu wa lugha ya Lisp, yenye hoja kwamba mara nyingi kilicho duni ndicho kinachoshinda. Mfano wake mkuu ulikuwa juu ya jambo letu hili hili: mchakato umeiomba kerneli kazi ndefu, kama kusoma data, na katikati ya kazi hiyo ishara imefika. Afanyeje mtunga mfumo? Wataalamu wa MIT waliona kuwa haki ni kerneli ijirudishe nyuma kwa usafi, kisha ombi liendelee bila mwenye programu kujua. Watu wa New Jersey, anavyowaita, waliona kazi hiyo ni ngumu mno kwa kerneli. Bora ombi likatike, lirudishe namba ya kosa iitwayo EINTR, na mwenye programu alirudie mwenyewe. Gabriel anakiri kwamba njia ya pili ni duni, lakini kerneli inabaki nyepesi, nyepesi husambaa haraka, na kilichosambaa huboreshwa baadaye.

Kama utabiri wa soko, Gabriel alishinda. Unix na C zimeenea duniani, na mashine za Lisp alizozipenda zimebaki katika majumba ya makumbusho. Kama hukumu ya kazi, nina maneno mawili juu yake. Kwanza, wepesi hauzaliwi bure. Kuna anayeubeba uzito uliotuliwa. Uzito ule haukupotea, ulitoka katika kerneli moja ukagawanywa kwa maelfu ya waandishi wa programu, ambao kila mmoja alitakiwa akumbuke kukagua EINTR kila mahali, na wengi hawakukumbuka. Berkeley hatimaye waliirudisha sehemu ya mzigo huo mahali pake, kwa kuifanya kerneli iyaanze tena yenyewe baadhi ya maombi yaliyokatizwa. Pili, mfano wa Gabriel unahusu nusu ya tatizo, yaani ishara inapoikuta programu ikiwa imeingia ndani ya kerneli. Nusu iliyo ngumu zaidi ni ishara inapoikuta programu katika shughuli zake yenyewe, na hapo hakuna kerneli ya kumwokoa.

Hapo ndipo lilipo kosa la tatu, na hapo ndipo aibu yangu ya pili.

Baada ya siku zile tatu za kadi nilijifunza. Nikaiandalia programu yangu kipokezi cha SIGTERM na SIGINT. Ikiambiwa iache, kipokezi kingelifunga faili la salio vizuri na kuandika katika faili jingine kwamba kazi imesimamishwa. Nilijiona nimeujibu wito wa yule mama. Ilipita miezi kadhaa kabla mtu hajaisimamisha programu katika wakati mbaya, na tulipolifungua faili tukakuta mistari miwili imechanganyika, ya mtu mmoja imeingia ndani ya mwingine. Ilinichukua muda kufahamu. Programu ilikuwa katikati ya kunakili mstari kwenye bafa, yaani ile sehemu ya kumbukumbu ambamo maandishi hungojea kupelekwa diskini, ndipo kipokezi kilipoingia kikaifunga bafa ile ile na kumwaga kilichomo. Fundi mmoja alikuwa akipanga matofali, na fundi wa pili, ambaye ni yeye mwenyewe, akaja akapiga lipu juu yake.

Sheria ya POSIX iko wazi kwa anayejua pa kuisoma. Ndani ya kipokezi unaruhusiwa kuita kazi zilizomo katika orodha maalumu tu. Ombi la write limo. Printf haimo, malloc haimo, wala kufunga faili kwa fclose hakumo. Karibu kila kitu ambacho mtu mwenye akili timamu angetaka kukifanya anapoambiwa "acha" kimekatazwa. Na mkusanyaji wa lugha ya C kwa kawaida hakuonyi. Programu hukubaliwa, hufanya kazi leo na kesho, mara elfu moja, kisha siku moja haifanyi.

Msomaji akiona hizi ni hadithi za mtunza mashine mmoja asiyesoma mwongozo, na atazame yaliyotokea mwezi Julai 2024. Watafiti wa kampuni ya Qualys walitangaza kosa katika OpenSSH, programu ambayo wasimamizi wa seva duniani kote huitumia kuingia kwa usalama katika mashine zao. Mtu anayebisha mlango wa seva hupewa muda wa kujitambulisha, kwa kawaida sekunde 120. Muda ukiisha, ishara ya SIGALRM huingia, na kipokezi chake kilikuwa kikiandika taarifa kwa syslog, kazi ambayo haimo katika ile orodha. Katika mifumo ya Linux inayotumia maktaba ya glibc, syslog huweza kugusa ugawaji wa kumbukumbu. Mshambulizi mvumilivu aliyepata bahati ya wakati angeweza kujipatia mamlaka yote ya mashine bila kujitambulisha hata kidogo. Kosa la namna hiyo hiyo lilikuwa limerekebishwa mwaka 2006, likarudishwa bila kukusudia mwaka 2020. Waandishi wa OpenSSH ni miongoni mwa watu waangalifu kuliko wote katika kazi hii. Chombo kinachowajeruhi hata waangalifu, tena mara mbili kwa jeraha moja, hatuwezi kusema kosa lote ni la watumiaji.

Kuna lawama nyingine, si ya hatari bali ya lugha. Ishara ni bubu. Inabeba namba na kidogo sana zaidi ya hapo. Ukituma SIGTERM huwezi kusema "acha, lakini malizia mwanachama uliye naye". Ishara za kawaida hazipangi foleni pia: zikifika tatu za namna moja kabla ya kupokewa, huhesabiwa moja. Kwa ufukara huo wa maneno, watu walianza kuzipa namba za zamani maana mpya. SIGHUP, iliyokuwa tanzia ya simu, kwa programu nyingi za seva sasa maana yake ni "soma upya mipangilio yako". Na amri ya kutumia ishara yoyote, hata ile ya kuamsha mchakato uliolala, inaitwa kill, yaani ua. Mwanafunzi anafundishwa kusema "ua" anapotaka kusema "amka". Siyo ajabu kwamba vijana wengi huanzia namba 9. Jina la chombo limewafundisha hivyo.

Inatia moyo kwamba maabara ile ile ya Bell iliona kasoro hii. Katika Plan 9, mfumo waliouanza baada ya Unix, namba ziliondolewa, na badala yake mchakato hupelekewa kijibarua cha maneno, kama vile kwamba umekatizwa. Mfumo ule haukuenea. Gabriel angetabasamu.

Basi mwandishi wa programu afanyeje leo? Jibu la mafundi limekuwapo kwa muda mrefu na ni rahisi kulieleza kwa mtu aliyelelewa katika nyumba zetu: jenga baraza. Mgeni asiingie chumbani. Aketi barazani mpaka mwenyeji amalize alichoshika. Kipokezi kifanye jambo moja tu, kuinua bendera, yaani kubadilisha thamani ya namba moja, au kuandika herufi moja katika bomba ambalo programu yenyewe inalisoma. Kisha programu, kila imalizapo hatua kamili ya kazi yake, itazame nje: je, kuna mgeni? Akiwapo, imkaribishe, ifunge mafaili kwa utulivu, iage, iondoke. Linux tangu mwaka 2007 ina signalfd, ambayo huzigeuza ishara kuwa kitu cha kusomwa kama faili, kwa zamu, mwenyeji apendapo. Angalia basi kilichotokea: baada ya miongo mingi, njia bora ya kuitumia ishara ni kuinyang'anya tabia yake ya kukatiza na kuifanya iwe hodi ya kweli.

Mfano wa baraza una mpaka wake. Mwenyeji asiyetoka kamwe kutazama nje humfanya mgeni asubiri bure, na kwa hiyo namba 9 lazima ibaki. Mifumo ya leo ya kuendesha makontena imeifanya desturi hii kuwa kanuni: Docker hutuma SIGTERM, hungoja sekunde 10, kisha SIGKILL, Kubernetes hungoja sekunde 30. Programu iliyouawa kwa namba 9 huonekana imeacha namba 137, yaani 128 na 9. Nikiiona 137 ikijirudia katika kumbukumbu za seva huwa najua kwamba kuna mahali mgeni anapiga hodi na hakuna aitikaye. Hata nguvu ya namba 9 nayo si kamili: mchakato unaongojea diski au mtandao kwa namna isiyokatizika haufi mpaka kungoja kwenyewe kuishe, na ule uliokwisha kufa lakini mzazi wake hajaja kuuchukua haufi mara ya pili.

Nikirudi kwa swali la yule mama, naona kwamba jibu langu lilikuwa pungufu. Nilimwambia mashine inaambiwa, na kosa ni kwamba sikuiambia. Lakini umeme nao hukatika bila kusema hodi, na umeme ukikatika hakuna kipokezi kitakachoitwa. Programu yangu ilikuwa na kosa kabla ya mimi kugusa kibodi: ililiandika faili jipya juu ya lile la zamani. Yeye katika daftari zake hakuwahi kufanya hivyo. Alikuwa akifungua ukurasa mpya, akinakili, akijumlisha, akihakiki jumla, na hapo tu ndipo alipoupigia mstari ukurasa wa zamani. Katikati ya kazi hiyo ungeweza kumwita, kumfukuza, hata kumzimia taa. Fedha za watu zingekuwa salama katika ukurasa mmoja au mwingine.

Na Unix, kwa haki yake, ina njia ya kufanya vivyo hivyo. Unaandika faili jipya pembeni kwa jina jingine, unahakikisha limefika diskini, kisha kwa ombi moja la rename unalipa jina la lile la zamani. Ombi hilo halina nusu: anayelifungua faili hulikuta la zamani zima au jipya zima. Mfumo ule ule ulionipa namba 9 ulikuwa umenipa na kinga yake, na vyote viwili vilikuwa katika mwongozo mmoja.

Hukumu yangu basi ni hii. Ishara za Unix ni utungaji wa watu werevu waliokuwa na haraka. Zimempa mtu mamlaka juu ya mashine, zikamwachia kila mwandishi deni la kulilipa peke yake. Tuzitumie kwa adabu, tuanze na 15 na tungoje. Lakini tusiandike programu inayotegemea adabu ya mgeni. Niliiandika upya ile ya salio mwaka uliofuata, kwa kufuata daftari la karani. Siku ya kuijaribu nilimwita aje kutazama, nikaiendesha, na katikati ya kazi nikaipiga namba 9 mbele yake. Tukalifungua faili. Salio la zamani lilikuwa pale lote, hadi senti.

"Sasa ndiyo," akasema, akarudi kwenye meza yake.